Kutu Katika Ngazi za Basi: Chanzo Chake, Kuiondoa na Kupaka Rangi Upya

Abiria apandaye basi mjini Dodoma kwenda Kondoa, Mpwapwa au Singida haitazami ngazi aikanyagayo. Macho yake yapo kwenye mzigo, kwenye mtoto aliyebebwa mgongoni, au kwenye kiti anachokitafuta. Huiamini ngazi kama aiaminivyo ardhi. Hata hivyo, katika gari zima ni sehemu chache zipatazo taabu kama vidato vya mlangoni. Hukanyagwa kutwa kucha, hurushiwa mchanga na matope kutoka magurudumuni, na humwagiwa maji kila gari lisafishwapo.

Kutu inapoonekana hapo, aghalabu dawa yake huwa ni kopo la rangi. Rangi mpya hupakwa juu ya kutu, na ngazi hung'aa kwa miezi michache. Makala haya yaeleza kwa nini rangi ya namna hiyo haiponyi kitu, bali huficha hatari, na ni kazi gani ipasayo kufanywa. Maelezo haya yafaa pia kwa ngazi za lori, za gari la zahanati itembeayo, na za yale magari-nyumba ambayo wasafiri hulala humo wanapovuka nchi.

KUTU NI NINI

Ni nadra sana kupata chuma safi ardhini. Kwa kawaida hupatikana katika mawe na udongo kikiwa kimeungana na oksijeni. Ili kukitenga na oksijeni hiyo, binadamu hulazimika kutumia moto mkali na makaa. Wahunzi wa Buhaya, magharibi mwa Ziwa Viktoria, waliijua kazi hiyo tangu zamani. Mwaka 1978 wachunguzi Peter Schmidt na Donald Avery walieleza katika jarida la Science kuhusu tanuru za huko, ambazo umri wake ulikadiriwa kuwa kati ya miaka 1,500 na 2,000.

Kutu ni safari ya kinyume. Chuma kilichotengwa kwa moto hurudi polepole katika hali yake ya udongo. Hata wekundu wa ardhi ya Ugogo watokana na oksidi za chuma, yaani ndugu wa kutu ile ile ionekanayo kwenye ngazi.

Safari hiyo yahitaji vitu viwili kwa pamoja: maji na oksijeni. Kwanza, atomu za chuma hupoteza elektroni na kuingia katika maji kama ioni:

Fe → Fe²⁺ + 2e⁻

Elektroni hizo hupita ndani ya chuma mpaka mahali penye oksijeni nyingi, na huko hutokea jambo hili:

O₂ + 2H₂O + 4e⁻ → 4OH⁻

Ioni za chuma zikikutana na ioni za hidroksidi hufanya hidroksidi ya chuma, nayo huchukua oksijeni zaidi:

4Fe(OH)₂ + O₂ → 4FeO(OH) + 2H₂O

FeO(OH) ndiyo sehemu kubwa ya ile kutu ya hudhurungi. Mwanafunzi aangalie kwamba mambo hayo mawili ya kwanza hayatokei mahali pamoja. Chuma huyeyuka mahali pamoja, na oksijeni hutumika mahali pengine. Jambo hili ndilo ufunguo wa somo lote.

KWA NINI KUTU HUPATIKANA HATA DODOMA

Dodoma ipo kwenye uwanda wa juu wa kati ya nchi, yapata mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua yake kwa wastani haizidi sana milimita 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Mtu aweza kudhani kwamba katika nchi kavu namna hiyo kutu haina nafasi. Ni kweli kwamba bamba la chuma lililo safi, likiwekwa mahali pakavu, hukaa muda mrefu bila kudhurika. Katika miaka ya 1930 mwanakemia Mwingereza W. H. J. Vernon alionyesha kwamba kutu huongezeka kwa ghafla pale tu unyevuanga unapopita kiasi fulani, ambacho kwa kawaida hukaribia asilimia 60 au 70.

Lakini ngazi ya basi si bamba safi. Ina vumbi, matope na chumvi. Sehemu nyingi za uwanda huu zina chumvi katika udongo na katika maji ya ardhini. Mito yaingiayo katika bonde la Bahi haifiki baharini. Maji yake hukauka papo hapo kwa jua na kuziacha chumvi zake ardhini. Matope ya njia kama hizo yakishikamana na ngazi, chumvi huja pamoja nayo.

Chumvi ina tabia ya kunyonya unyevu wa hewa. Chumvi ya kawaida ya mezani huanza kuyeyuka kwa unyevu wa hewa ufikapo asilimia 75 hivi. Kloridi ya magnesi, ambayo huchanganyika na chumvi nyingi za asili, huanza kufanya hivyo ufikapo asilimia 33 tu. Kwa hiyo mchana ambao mtu anasema hewa ni kavu, chini ya ganda la matope ngazi yaweza kuwa imelowa. Usiku wa Juni na Julai, joto linapopungua, umande nao huongeza maji hayo.

Tena mchanga wa nyayo hufanya kazi ya msasa. Hukwangua rangi katika ukingo wa kila kidato, mahali ambapo rangi ni nyembamba kuliko penginepo. Mlango wa kutu huwa umefunguliwa.

KIKULACHO KI NGUONI MWAKO

Mtu akiinua mpira wa kukanyagia uliofunika kidato, mara nyingi hukuta chini yake chuma kimeliwa kuliko sehemu iliyo wazi. Jambo hili huwashangaza wengi, kwa kuwa mpira ulionekana kama kinga. Sababu yake ilionyeshwa vizuri na Ulick Richardson Evans wa Cambridge, Uingereza, katika miaka ya 1920, kwa jaribio ambalo shule yoyote yenye maabara yaweza kulirudia.

Jaribio. Chukua kipande cha bamba la chuma, kisugue kwa msasa mpaka king'ae, kisha kifute mafuta yote. Yeyusha gramu 3 za chumvi katika mililita 100 za maji. Ongeza chembe ndogo ya ferisianidi ya potasiamu na matone machache ya fenolifthalini. Weka tone moja kubwa la maji hayo juu ya bamba, usilitikise, na ulitazame kwa nusu saa. Ferisianidi isichanganywe kamwe na asidi kali wala kupashwa moto pamoja nayo, kwa maana gesi ya sumu yaweza kutoka.

Mwanzoni rangi ya buluu na ya waridi huonekana huku na huku. Baadaye hupangika: buluu katikati ya tone, waridi kandokando. Buluu yaonyesha mahali chuma kinapoyeyuka, na waridi yaonyesha mahali oksijeni inapotumika. Kandokando ya tone oksijeni ya hewa hufika kwa urahisi. Katikati haifiki upesi. Kwa hiyo chuma huliwa pale oksijeni ilipo haba, na kutu yenyewe hujikusanya kati ya sehemu hizo mbili kama pete ya hudhurungi.

Tone hilo ni picha ya ngazi. Chini ya mpira, ndani ya maungio ya mabamba mawili, kuzunguka ribiti, na chini ya rangi iliyovimba, maji hukaa na oksijeni ni haba. Huko ndiko chuma huliwa zaidi. Sasa yaeleweka kwa nini kupaka rangi juu ya kutu hakufai. Kutu ni kitu chenye vitundu vingi, nacho hushika maji na chumvi. Mwenye kuifunika huwa amemfungia mwizi ndani ya nyumba.

Kutu pia huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilikotoka. Gramu 55.85 za chuma, zenye uzito mahsusi wa gramu 7.87 kwa sentimita moja ya ujazo, huchukua sentimita za ujazo 7.1 hivi. Chuma hicho kikigeuka kuwa FeO(OH), huwa gramu 88.86. Uzito mahsusi wake ukiwa 4.26, ujazo wake huwa sentimita 20.9, karibu mara tatu ya ule wa kwanza. Ndiyo maana rangi huvimba, hupasuka na kubanduka, na mabamba mawili yaliyopigwa ribiti huachana.

HATARI ISIYOONEKANA

Nguvu za bamba linalokunjwa na uzito hutegemea unene wake uliozidishwa kwa wenyewe. Bamba la milimita 2 likiliwa na kubaki milimita 1, mtu aweza kusema limebaki na nusu ya nguvu. Sivyo. Unene ukiwa nusu, nguvu huwa robo. Ukakamavu wake wa kutokunjwa, ambao hufuata unene uliozidishwa mara tatu, huwa moja ya nane tu. Ngazi ya namna hiyo yaweza kumchukua mtoto wa shule asubuhi na kumwangusha mama mwenye gunia jioni. Ikiwa imepakwa rangi mpya, hakuna atakayeonywa na macho yake.

KAZI YENYEWE

1. Kukagua. Gari lisimamishwe mahali tambarare na magurudumu yatiwe kabari. Mipira yote ya kukanyagia iondolewe. Kila kidato kigongwe kwa nyundo ndogo, juu na chini. Chuma kizima hutoa mlio mkali, na kilicholiwa hutoa mlio mzito kama wa chungu kilichopasuka. Ncha ya bisbisi ikandamizwe katika sehemu zenye shaka, hasa pembeni na kwenye maungio. Ikiwa ncha inapenya au bamba linabonyea, kazi ya rangi isimame hapo. Sehemu hiyo ikatwe na fundi achomelee bamba jipya. Kabla ya kuchomelea kwa umeme, nyaya za betri zifunguliwe, na pahakikishwe kwamba hakuna mafuta wala nyaya za umeme karibu.

2. Kuosha. Watu wengi huanza na msasa, na hilo ni kosa. Msasa husukuma mafuta na chumvi ndani ya mikwaruzo ya chuma. Kwanza ngazi ioshwe kwa maji ya sabuni na brashi, kisha isuuzwe kwa maji mengi yasiyo na chumvi, na ikaushwe. Maji ya mvua yaliyokingwa ni mazuri kuliko maji ya kisima yenye ladha ya chumvi. Petroli isitumiwe kuondoa mafuta, kwa sababu mvuke wake hushika moto upesi.

3. Kuondoa kutu. Magamba mazito yatolewe kwa patasi na nyundo. Brashi ya waya hufuata, kisha msasa mgumu, na mwisho msasa laini wa kulainisha kingo za rangi ya zamani iliyo bado imara. Mashine ya kusagia huharakisha kazi, lakini isitumiwe mpaka bamba likawa jembamba. Mfanyakazi avae miwani ya kinga, glavu na kitambaa kizito au barakoa ya vumbi. Rangi za zamani zaweza kuwa na risasi, ambayo ni sumu hasa kwa watoto. Kwa hiyo rangi ya aina isiyojulikana isuguliwe kwa msasa wa maji, vumbi lake lisipeperuke, na mabaki yakusanywe yasiachwe uwanjani.

4. Kutu iliyobaki vishimoni. Hapo asidi ya fosforiki husaidia. Huigeuza kutu kuwa fosfati ya chuma, ambayo haiyeyuki kwa urahisi katika maji:

Fe₂O₃ + 2H₃PO₄ → 2FePO₄ + 3H₂O

Maelekezo ya chupa yafuatwe, na mikono na macho yakingwe. Asidi ya hidrokloriki isitumiwe, ingawa hula kutu kwa kasi. Huacha kloridi katika vishimo, na kloridi ndiyo adui aliyekuwa akifukuzwa. Asidi ya betri nayo haifai. Darasani, mwalimu aweza kuonyesha kazi ya asidi kwa kuloweka misumari yenye kutu usiku kucha katika maji mazito ya ukwaju, tunda lijulikanalo sana katika nchi ya kati. Asidi ya ukwaju huiyeyusha kutu. Ila msumari usiposuuzwa na kukaushwa mara moja, hupata kutu mpya kabla ya kipindi kwisha.

5. Rangi ya kwanza. Chuma kilicho wazi kisilale. Rangi ya kwanza ipakwe siku ile ile kilipokwanguliwa. Ichaguliwe rangi iliyotengenezwa kwa kuzuia kutu, kama ile yenye fosfati ya zinki. Zipo pia rangi zenye vumbi jingi la zinki. Zinki hutoa elektroni zake kwa urahisi kuliko chuma, kwa hiyo huliwa yenyewe na kukiokoa chuma, kama ifanyavyo katika mabati ya kuezekea. Ili zinki ifanye hivyo yapasa iguse chuma kitupu. Juu ya kutu au rangi ya zamani haifai kitu.

Brashi ipite kwanza katika kingo, maungio na vichwa vya ribiti peke yake, kisha ndipo ngazi nzima ipakwe. Rangi ya majimaji hukimbia ukingo mkali. Bila tabaka hilo la ziada, ukingo hubaki na ngozi nyembamba mno. Upande wa chini, ambao abiria hauoni, upakwe sawasawa na upande wa juu.

6. Saa ya kupaka. Alfajiri chuma huwa baridi na chenye umande. Rangi ikipakwa hapo, maji hufungiwa ndani. Mchana wa jua kali bamba huchoma mkono, na rangi hukauka juu kabla ya kushikamana chini. Alasiri za Agosti hadi Oktoba pepo huleta vumbi. Kanuni ya mafundi wa rangi ni kwamba joto la chuma lizidi kiwango cha umande kwa nyuzi 3 za Selsiasi au zaidi. Kwa Dodoma wakati wa kiangazi, muda mzuri ni kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, kivulini, mahali penye hewa.

7. Rangi ya juu. Tabaka mbili nyembamba hushinda moja nene. Kila tabaka iachwe ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Ili ngazi isiteleze, mchanga safi uliochekechwa, uliooshwa mara kadhaa na kukaushwa, unyunyizwe juu ya tabaka la kwanza likiwa bado bichi. Likikauka, mchanga usioshika ufagiliwe na tabaka la mwisho lipakwe. Mchanga wa korongo usioshwe kwa haraka, kwa maana waweza kubeba chumvi. Ukingo wa kila kidato upakwe mstari wa njano, ili mzee mwenye macho hafifu auone jioni.

HESABU YA RANGI

Tuseme ngazi ina vidato vitatu. Kila kidato kina upana wa sentimita 70 na kina cha sentimita 25, na uso wa wima wenye kimo cha sentimita 20. Eneo la kidato kimoja ni (70 × 25) + (70 × 20) = sentimita za mraba 3,150. Vidato vitatu, pande zote mbili, ni 18,900, yaani mita za mraba 1.89. Ikiwa lita moja hufunika mita za mraba 10, tabaka moja huhitaji lita 0.19 hivi. Tabaka nne, mbili za kwanza na mbili za juu, hazifikii lita moja.

Lita moja iliyotandazwa katika mita za mraba 10 hufanya utando wa milimita 0.1. Ikiwa nusu yake ni vimiminika viwezavyo kuruka hewani, hubaki milimita 0.05. Tabaka nne hufanya milimita 0.2. Ngozi hiyo nyembamba ndiyo yote isimamayo kati ya chuma na maji. Hesabu hii yafundisha mambo mawili: kwamba rangi ya ngazi si gharama kubwa, na kwamba thamani ya kazi imo katika kukwangua na kuosha, si katika kopo.

UTUNZAJI

Kidato kinachotuama maji kitobolewe tundu dogo la kutolea maji, na ukingo wa tundu upakwe rangi. Mpira wa kukanyagia usirudishwe ukiwa umelowa. Matope yafagiliwe kila juma, hasa wakati wa masika, na mkwaruzo wowote ufikao kwenye chuma uzibwe kwa rangi mapema. Dereva au utingo aweza kufanya kazi hiyo kwa dakika chache. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

MAZOEZI

1. Kata kipande cha bamba la chuma, kisugue kwa msasa, kisha funga mpira wa ndani wa baiskeli kuzunguka nusu yake. Kiloweshe kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni kwa juma moja. Fungua na ulinganishe nusu hizo mbili. Ni upande upi ulikaa na maji kwa muda mrefu zaidi? Eleza kwa kutumia jaribio la tone.

2. Bamba la milimita 3 limeliwa na kubaki milimita 2. Nguvu zake za kuhimili kukunjwa zimebaki sehemu gani ya zile za mwanzo?

3. Kwa nini kuosha hutangulia kukwangua, na kwa nini asidi ya hidrokloriki haifai hata kama huondoa kutu upesi?

4. Kagua ngazi, geti au dawati la chuma shuleni kwako kwa nyundo na bisbisi. Chora ramani ya mahali palipoliwa. Je, palipoliwa zaidi ndipo palipoonekana zaidi?